Taa ya ABS inawaka: pima waya kabla hujanunua sensa

#1 MzeeWaVolti

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa hitilafu za umeme kwenye sensa za mwendo wa magurudumu, zile zinazowasha taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge unapokanyaga breki) kwenye dashibodi. Mazoea ya gereji nyingi ni haya: mashine ya kusoma makosa inachomekwa, kodi (namba ya kosa) inasema sensa ya mbele kulia, mwenye gari anatumwa dukani. Sensa mpya inafungwa, taa inabaki palepale. Kisha anaambiwa kompyuta ya ABS imekufa, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Kodi haisemi kwamba sensa ni mbovu. Inasema kompyuta haipati taarifa inayoeleweka kutoka gurudumu lile. Taarifa hiyo inaanzia kwenye ringi inayozunguka na gurudumu, inaingia kwenye sensa, inapita kwenye nyaya mbili na plagi zake, inafika kwenye kompyuta. Ubovu wa mahali popote kwenye njia hiyo huleta kodi ileile. Kazi ya fundi ni kuigawa njia hiyo kwa vipimo hadi ijulikane imekatikia wapi.

Usalama kwanza. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuzuia tairi zisijifunge unapokanyaga ghafla kwenye lami yenye maji au kwenye changarawe. Lakini ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, wakati hendibreki imeshushwa na mafuta ya breki yapo kwenye kiwango, basi hata ule mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma unaosimamiwa na kompyuta umezimwa. Hapo tairi za nyuma zinaweza kujifunga kabla ya za mbele na gari likageuka. Gari hilo lisipelekwe barabara kuu.

Halafu tazama taa inawaka lini, kwa sababu hicho tayari ni kipimo. Washa swichi bila kupiga stata. Taa inatakiwa iwake kwa sekunde 3 hivi, kisha izime. Isipozima, mara nyingi kompyuta imeona kosa gari likiwa limesimama: waya uliokatika, shoti, au fyuzi. Ikizima halafu ikawaka gari likishatembea mita kadhaa, njia ya umeme haijakatika, ila mapigo hayaji au hayalingani na ya magurudumu mengine. Hapo washukiwa ni ringi, uchafu wa chuma, nafasi kati ya sensa na ringi, au beringi yenye mchezo. Na isipowaka kabisa unapowasha swichi, usifurahi. Kuna magari yanauzwa yakiwa yameondolewa balbu au kuzibwa taa hiyo.

Kabla ya kitu kingine, betri na fyuzi. Kompyuta ya ABS ikipata umeme mdogo inajizima na kuandika kodi. Na kama kodi za magurudumu yote manne zimekuja kwa pamoja, sensa nne hazifi siku moja. Kagua fyuzi zote za ABS, zile kubwa za boneti na ile ndogo ya ndani, kisha ethi ya kompyuta (waya wake wa hasi unaofungwa kwenye bodi), kisha plagi yake kubwa.

#2 BintiSpana

Asante kwa kufungua mada hii, Mzee. Naongeza jambo ambalo bila hilo vipimo vyote vinaharibika: lazima ujue kwanza gari lina sensa ya aina gani. Zipo mbili, na zote zinaweza kuwa na nyaya mbili tu, kwa hiyo idadi ya nyaya haikusaidii.

Ya kwanza ni ya koili. Ndani kuna sumaku na koili ya waya mwembamba. Meno ya ringi yakipita mbele yake, inazalisha umeme wake yenyewe, umeme wa kupanda na kushuka. Gari likienda taratibu umeme ni mdogo sana, ndiyo maana sensa hizi kwa kawaida hazisomeki vizuri chini ya kilomita 3 hadi 5 kwa saa.

Ya pili inalishwa umeme na kompyuta. Ndani ina saketi ndogo inayohisi sumaku, na inajibu kwa kubadilisha kiasi cha mkondo inaochukua: karibu miliampea 7 kwa hali moja na 14 kwa hali nyingine. Hii inasoma hata gurudumu likizunguka polepole kabisa. Ringi yake inaweza kuwa ya meno, lakini kwenye magari mengi ya sasa ni ringi ya sumaku iliyogandishwa kwenye sili ya beringi, ambayo kwa macho inaonekana kama mpira mweusi wa kawaida tu.

Namna ya kuzitofautisha: chomoa plagi ya sensa, washa swichi, weka multimita kwenye volti za DC, pima upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta, kila tundu dhidi ya bodi. Ukipata tundu moja lina volti nyingi, mara nyingi karibu na za betri, hiyo ni ya kulishwa. Ukipata volti chache tu, kwa mfano 1.5 hadi 2.5 kwenye tundu zote mbili, hiyo ni ya koili. Pima mara tu unapowasha swichi, maana kompyuta nyingine zikiona sensa haipo zinakata umeme wa upande huo baada ya muda mfupi, na wewe utadhani waya umekatika.

Sensa za aina hizi mbili hazibadilishani hata kama zinaingia kwenye tundu moja na plagi zinafanana.

#3 MzeeWaVolti

Sahihi kabisa, dada. Basi nianze na ya koili.

Multimita kwenye ohm, sensa ikiwa imechomolewa. Sensa nyingi za koili zinasoma kati ya 800 na 2,500, na Toyota nyingi ziko katikati ya hapo. Kitabu cha gari kina namba kamili, lakini usipokuwa nacho linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Tofauti ya ohm 50 si kitu. Tofauti ya 500 ni kitu. Kumbuka koili ikipata joto ohm zinapanda: sensa ya 1,200 kwenye nyuzi 25 itasoma karibu 1,480 kwenye nyuzi 85. Kwa hiyo usilinganishe sensa ya upande uliotoka kupigwa breki kali na ya upande uliopoa.

Kisha pima kila pini ya sensa dhidi ya chuma chake au bodi. Iwe wazi, au angalau zaidi ya kiloohm 10. Ikisoma chini ya hapo, ganda limepasuka na maji yameingia.

Kisha mapigo. Weka gari kwenye jeki na stendi, multimita kwenye volti za AC, zungusha gurudumu kwa mkono karibu mzunguko mmoja kwa sekunde. Unatakiwa uone angalau milivolti 100, na nyingi hutoa zaidi. Linganisha tena na upande wa pili kwa mwendo uleule. Ohm nzuri lakini volti ndogo maana yake koili ni nzima, ila iko mbali na ringi, au sumaku imebeba unga wa chuma. Kama multimita yako ina hezi, tumia hiyo pia: ringi ya meno 48 ikizunguka mara moja kwa sekunde inatoa hezi 48.

Kosa linalokuja na kuondoka ndilo linalowashinda wengi. Pima ohm huku ukikunja waya sentimita kwa sentimita kuanzia kwenye sensa hadi unapoingia kwenye bodi, na umwombe mtu azungushe usukani mwisho hadi mwisho. Ukimaliza, pasha sensa kwa kikausha nywele, uone kama ohm zinaruka hadi wazi. Koili iliyokatika ndani hugusana ikiwa baridi na kuachana ikipata moto, ndiyo maana taa inawaka baada ya safari ndefu na asubuhi gari ni zima.

#4 Gerezani_Umeme

Mkuu, hapo kwenye ohm naomba nisisitize kwa ajili ya wasomaji: kipimo hicho ni cha sensa ya koili TU. Mafundi wengi wanaweka ohm kwenye sensa ya kulishwa, wanaona megaohm au "wazi", wanasema imekufa. Saketi ile haina ohm za kupima. Ukigeuza ncha za multimita unapata namba nyingine kabisa, na zote mbili hazina maana.

Ya kulishwa inapimwa kwa mkondo. Vifaa: multimita, betri ya gari au ya volti 9, na rezista moja ya ohm 100, wati 1. Rezista hiyo ni bei ya pipi kwenye maduka ya vifaa vya redio.

Funga hivi: chanya ya betri kwenye rezista, rezista kwenye pini ya umeme ya sensa, pini nyingine kwenye hasi. Pini ya umeme ni ile inayokutana na tundu lenye volti nyingi ulipopima kwenye plagi. Weka multimita kwenye volti za DC kukatiza rezista. Miliampea 7 zitaonekana kama volti 0.7, na 14 kama volti 1.4. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono: namba iruke 0.7, 1.4, 0.7, 1.4. Ikiruka hivyo, sensa na ringi ni vizima kwa wakati mmoja. Weka alama ya chaki kwenye tairi na uhesabu, maana ringi yenye jozi 48 za sumaku lazima ikupe miruko 48 ya kupanda kwa mzunguko mmoja. Kazi ya dakika 2, na inakwambia hata kama kuna sehemu ya ringi iliyobanduka.

Ikibaki 0, sensa imekatika au umegeuza pini. Ikikaa juu sana na rezista ikapata moto, chomoa haraka: ni shoti au umegeuza pini. Rezista ndiyo inayoilinda sensa, kwa hiyo usiunganishe sensa moja kwa moja kwenye betri hata kwa sekunde. Ikikaa 0.7 au 1.4 bila kuruka huku gurudumu linazunguka, sensa iko hai lakini haioni ringi.

Zipo sensa za kulishwa zinazotuma pia upande ambao gurudumu linazunguka. Hizo zina ngazi ya tatu, karibu miliampea 28. Usiogope ukiona mapigo ya volti 2.8, ingawa multimita ya kawaida haitayaonyesha vizuri kwa sababu ni mafupi mno. Hapo oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, inahitajika.

#5 BintiSpana

Maelezo ya mkuu Gerezani yanafungua pia mlango wa kuelewa kutu ya plagi.

Chukua plagi yenye ukijani wa shaba ulioongeza ohm 500 kwenye njia. Sensa ikichukua miliampea 7, hapo panapotea volti 3.5. Ikichukua 14, panapotea volti 7. Kompyuta ilituma volti 12, sensa inabakiwa na 5 pale inapohitaji nguvu zaidi. Injini ikiwa inawaka na alteneta inachaji, inavumilia. Asubuhi ya baridi betri ikiwa imechoka, inaanguka. Mwenye gari anasema "taa inajiamulia yenyewe".

Kinyume chake ni maji ya chumvi ndani ya plagi. Yanapitisha mkondo kati ya pini mbili bila kupitia sensa. Mkondo huo ukiwa miliampea 4, kompyuta inaona 11 na 18 badala ya 7 na 14, haielewi, inawasha taa. Ukichomoa plagi na kupima sensa peke yake, ni nzima. Ndiyo maana kila mara nasema: pima kwenye sensa, halafu rudia kipimo kwenye plagi ya kompyuta. Tofauti ya majibu mawili ndiyo inayoonyesha ubovu wa waya.

#6 MzeeWaVolti

Na kipimo cha kwenye plagi ya kompyuta kifanywe kwa adabu. Zima swichi, toa hasi ya betri, ndipo uchomoe plagi kubwa ya ABS. Tafuta mchoro wa gari husika ili ujue pini mbili za gurudumu lile. Usikisie kwa rangi. Usiingize ncha nene ya multimita kwenye tundu, itatanua chuma cha ndani na utakuwa umetengeneza ubovu mpya ambao hakuna atakayeupata. Tumia pini nyembamba inayolingana na ya asili.

Waya mzima kutoka plagi ya kompyuta hadi plagi ya sensa: chini ya ohm 1. Kila waya dhidi ya bodi: wazi, au zaidi ya kiloohm 10. Waya mmoja dhidi ya mwenzake, plagi zote mbili zikiwa zimechomolewa: wazi. Hapo pia kunja nyaya huku unapima.

Na jamani, tusitoboe ganda la waya kwa sindano ili kupima. Tundu lile dogo linaingiza maji, na baada ya masika mawili shaba imeoza sentimita 10 kila upande.

#7 KifaruWaNairobi

Wakuu, swali kutoka Nairobi. Kuna wenye Toyota za zamani kidogo hawana mashine, na kile kifaa kidogo cha bluetooth cha ELM327 na programu ya kawaida ya simu kinasoma injini tu, hakioni ABS. Njia ya kuunganisha waya kwenye plagi ya uchunguzi bado inafanya kazi?

#8 Gerezani_Umeme

Inafanya kazi kwenye Toyota nyingi zenye plagi ya pini 16 chini ya usukani, ingawa matoleo mapya mengi hayana tena. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu namba 13 na namba 4 kwa kipande cha waya. Hesabu vizuri: namba 16 ina umeme wa betri muda wote, ukiigusisha na 4 umechoma fyuzi, pengine na zaidi ya fyuzi. Washa swichi, usiwashe injini.

Taa ya ABS ikipepesa haraka na sawasawa bila kusimama, hakuna kodi. Ikiwa ipo, inapepesa tarakimu ya kwanza, inatulia sekunde 1.5, inapepesa tarakimu ya pili. 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kwenye mashine, kodi hizohizo huandikwa C0200, C0205, C0210 na C0215 kwa mpangilio huohuo. Ukikuta 35, 36, 38 au 39, yaani C1235, C1236, C1238 na C1239, hizo ni muhimu sana: zinasema kuna kitu kigeni kwenye ncha ya sensa. Mara nyingi ni unga wa chuma wa diski au beringi iliyoanza kusagika. Toa sensa, ifute, usinunue kitu. Kodi 41 ni umeme mdogo wa betri.

Kufuta: waya ukiwa umeunganishwa na swichi imewashwa, kanyaga pedali ya breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Taa irudi kwenye kupepesa kwa haraka. Halafu toa waya.

"Kulia" na "kushoto" ni vya mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele. Naandika hivi kwa sababu watu hufungua gurudumu wakiwa wamesimama mbele ya boneti.

#9 Pwani_Magari

Salaam kutoka Tanga. Huku kwetu, na nadhani Mombasa na Unguja ni hivyohivyo, nusu ya tatizo si umeme wenyewe bali kutu inayoisukuma sensa. Sensa imekaa kwenye tundu la chuma. Chumvi inaingia, kutu inaota chini ya kikalio chake, na kutu ni nene kuliko chuma kilicholiwa. Sensa inanyanyuliwa sehemu ya milimita. Nafasi ya sensa na ringi kwa kawaida ni kati ya milimita 0.3 na 1.2, kwa hiyo milimita 0.5 za kutu zinatosha kupunguza mapigo.

Dalili yake inawachanganya watu: taa haiwaki, lakini unapokaribia kusimama, mwendo wa kilomita 10 hivi, pedali inatetema na pampu ya ABS inanguruma kwenye lami kavu. Sensa ya koili iliyo mbali na ringi inapotea mapema kuliko wenzake mwendo ukishuka. Kompyuta inaona gurudumu moja limesimama ghafla, inadhani limejifunga, inaachia breki yake. Hii ni hatari, gari linasogea mita moja mbele zaidi ya ulivyotaka. General Motors iliita magari yake yarudishwe kutengenezwa mwaka 2005 Marekani, pikapu na magari makubwa ya familia ya miaka ya 1999 hadi 2002, kwa sababu hiyohiyo, kwenye majimbo ambayo barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na yaliyoishi mikoa ya theluji kama Hokkaido yanafika bandarini yakiwa tayari yameanza kutu.

Dawa: toa sensa, safisha kikalio na tundu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, futa unga wote, paka kinga nyembamba ya kutu kwenye kikalio tu, rudisha. Bolti yake ni ndogo, ya spana namba 10 kwenye Toyota nyingi, na inakazwa taratibu, karibu Nm 8. Ukiikaza kama bolti ya gurudumu utapasua sikio la plastiki.

Sensa iliyogoma kutoka usiipige nyundo wala kuizungusha kwa koleo ikiwa kavu. Weka mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku mzima, kisha izungushe kidogo kidogo kushoto na kulia. Ikikatika ndani ya tundu, isukume kutokea upande wa ringi kama kuna njia. Usitoboe kwa drili huku ringi iko nyuma yake.

#10 KifaruWaNairobi

Shukrani, kaka. Jingine: gari limebadilishwa beringi ya mbele, ABS ilikuwa nzima kabla, sasa taa inawaka ukifika kilomita 20. Sensa ni ya kulishwa. Volti kwenye plagi 12, na kwa rezista inakaa 0.7 bila kuruka hata gurudumu lizungushwe vipi.

#11 BintiSpana

Kifaru, umeshajijibu zaidi ya nusu. Umeme upo, sensa iko hai, haioni sumaku. Beringi imefungwa kinyume, au ni beringi isiyo na ringi ya sumaku kabisa. Zinauzwa zote mbili, zikiwa na vipimo vilevile vya chuma, na zisizo na ringi huwa za bei ndogo zaidi.

Upande wenye sumaku lazima utazame sensa. Kwa macho sili mbili zinafanana, kwa hiyo kabla ya kupiga presi sogeza pini ndogo ya ofisi karibu na kila sili: upande wa sumaku utaivuta kidogo. Kadi ya kuonyesha sumaku ni bora zaidi, inachora mistari ya jozi zote na unaona kama kuna sehemu iliyokwaruzwa. Ringi hiyo isiwekwe juu ya spika, sumaku ya kuokotea bolti, wala kwenye meza yenye unga wa chuma. Na unapoigonga beringi, usiiguse sili.

Ikiwa imefungwa kinyume, kuitoa kwa presi karibu kila mara kunaiharibu. Nunua nyingine, yenye ringi.

Kwa magari yenye ringi ya meno kwenye shafti ya gurudumu, kisa kama hicho hutokea baada ya kubadilisha shafti: ya dukani ina meno tofauti na ya asili, au haina ringi. Hesabu meno ya zote mbili kabla ya kufunga. Ringi ya meno iliyopasuka kwa kutu nayo inaonekana vizuri kwa oskiloskopu: mawimbi yako sawa, kisha pengo moja, na pengo hilo linarudi kila mzunguko. Ubovu unaojirudia mara moja kwa mzunguko ni wa ringi au beringi, kamwe si wa waya.

#12 Pwani_Magari

Kweli dada. Naongeza kitu kidogo: baada ya kazi ya chini ya gari, hasa nyuma, plagi za kushoto na kulia huweza kubadilishana. Kodi inasema kulia, wewe unapima kulia kila kitu kizima. Nyanyua gurudumu moja, lizungushe, tazama kwenye mashine ni namba ya upande gani inayopanda.

#13 Gerezani_Umeme

Turudi kwenye matengenezo ya waya, maana hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika.

Kipande kinachotoka kwenye sensa na kupinda na shokapu au usukani, kikikatika ndani, badilisha sensa nzima pamoja na kipande chake. Ukikilehemu, risasi inapanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na waya unakatika tena palepale risasi inapoishia. Sehemu isiyochezacheza, ile iliyofungwa kwenye bodi, inaweza kuungwa. Kata hadi ufike shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi wala kubanwa vizuri. Acha viungo vya nyaya mbili vipishane angalau sentimita 3 ili visikutane. Funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, si selotepu, kwa sababu selotepu inahifadhi maji. Nyaya zilizosokotwa pamoja zisokote tena kama zilivyokuwa: msokoto huo unazuia kelele za umeme za alteneta na koili za plagi zisiingie kwenye mapigo. Rudisha kila klipu na kila mpira wa kushikia. Waya unaoning'inia utasuguliwa na tairi.

Usifunge waya wa sensa kwenye bomba la breki kwa kamba ya plastiki. Mtetemo utakula vyote viwili.

#14 KifaruWaNairobi

Na nikimaliza, taa bado inawaka hata baada ya kufuta kodi. Ni kawaida?

#15 MzeeWaVolti

Inaweza kuwa kawaida, mkuu. Kompyuta nyingi zikishaandika kosa la mwendo haziizimi taa gari likiwa limesimama, hata waya ukiwa umetengenezwa. Zinasubiri zione mapigo mazuri kutoka magurudumu yote manne, na hiyo inahitaji kuendesha.

Kwa hiyo: futa kodi, hakikisha upepo wa tairi zote ni sawa na ukubwa wa tairi ni mmoja pande zote, maana tairi ndogo inazunguka haraka na kompyuta italalamika tena. Endesha kwenye njia iliyonyooka hadi kilomita 30 kwa saa, mtu mwingine akitazama mashine. Namba nne ziwe pamoja, tofauti isizidi kilomita 1 hivi. Punguza mwendo taratibu hadi kusimama, tazama ni ipi inaanguka kwanza hadi 0. Pita kwenye matuta, kata kona kali kushoto na kulia, maana hapo ndipo waya hukunjwa. Kisha mahali salama pasipo gari nyuma, kwenye changarawe, mwendo wa kilomita 30, kanyaga breki kwa nguvu. Pedali itetemeke na gari lisimame likiwa limenyooka.

Soma kodi tena injini ikiwa bado ya moto. Ikirudi ileile baada ya waya, sensa na ringi kupimwa na kukutwa vizima, rudia vipimo vya #6 kwenye plagi ya kompyuta, ukimwagia nyaya maji kidogo. Kompyuta yenyewe ilaumiwe pale tu sensa inaposomeka vizuri kwenye plagi yake kubwa, umeme na ethi zake ni sahihi, na bado haioni. Ethi ipimwe pampu ikifanya kazi: volti kati ya hasi ya betri na ethi ya kompyuta isizidi 0.2. Ikizidi, safisha bolti ya ethi kabla ya kugusa chochote kingine.